Msitu Wenye Mlango

Mtu akishuka Makambako, pale njia inapogawanyika, moja kwenda Mbeya, nyingine Iringa na nyingine Songea, halafu akapanda gari la Njombe, macho yake hayatakosa miti mpaka afike. Misindano imepangwa mistari kama wanafunzi wa shule ya msingi wakati wa gwaride la asubuhi. Milingoti imesimama mabondeni. Miwati imetapakaa kila pahala, mingine ya kampuni, mingine ya mtu binafsi, mingine imejiotea tu. Sisi wa huku tumezoea mno. Tukitazama msitu tunaona mbao, nguzo za umeme, mkaa na kuni. Swali la historia hatuulizi: je, msitu huu una mlango? Na kama unao, ufunguo anao nani?

Usicheke, ndugu msomaji. Msitu unaweza kuwa na mlango hata kama hauna ukuta. Mlango wake unaweza kuwa mwiko, unaweza kuwa hati ya serikali, unaweza kuwa kadi ya uanachama. Katika makala hii nataka tufuate mlango mmoja wa aina hiyo ya mwisho: klabu ya matajiri iliyofunguliwa mwaka 1959 ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, karibu na mji wa Nanyuki. Lakini ili tuielewe vizuri itabidi tuanzie nyumbani, tupite Marekani kwa haraka ulikotoka mtindo wenyewe, kisha ndiyo tupande mlimani.

Nyumba nyeusi

Hapa kwetu Ubena upo msitu unaojulikana kwa jina la Nyumbanitu, katika Wilaya ya Wanging'ombe. Jina lenyewe kwa Kibena ni nyumba nyeusi. Ndani yake mna mapango, na wenyeji husimulia kwamba wazee wa zamani walijificha humo wakati wa vita vya makabila katika karne ya 19, Wahehe wakija upande huu na Wangoni upande ule. Husimuliwa pia habari za kuku weusi wanaoishi humo, ambao si wa mtu na hawaliwi. Watu huenda huko kuomba na kutambika.

Sasa, Nyumbanitu huingii kama unavyoingia sokoni. Unakwenda na mzee mwenyeji, unafuata anachokuelekeza, na unatoka. Mgeni anaweza kusema haya ni mambo ya ushirikina, basi tumwachie aseme. Mimi nataka tuangalie kazi ya ule mwiko. Miaka mingi watu wa pande hizi walikata miti kwa ajili ya mashamba, nyumba na kuni, kama watu wote duniani. Mahali ambapo shoka lilisita ni pale palipokuwa na makaburi, chemchemi na matambiko. Mlango wa wazee ulikuwa unawafungia wote, pamoja na wazee wenyewe. Mwenye ufunguo hakuruhusiwa kuingia na shoka.

Sitaki kuwapamba wazee. Mwiko nao una wenyewe, na mara nyingi wenyewe hao ni wanaume wa ukoo fulani, huku kijana na mwanamke wakiambiwa wasubiri nje. Lakini tuweke alama hapa: mlango wa kwanza tulioukuta unalinda msitu. Tutauhitaji mbele ya safari.

Waandishi waliokosa kodi ya nyumba

Mwaka 1872, katika mji wa San Francisco huko Marekani, waandishi wa magazeti kadhaa pamoja na wasanii walianzisha klabu yao. Waliiita Bohemian Club. Walikuwa watu wa aina yetu sisi tunaohangaika na magazeti madogo: maneno wanayo, kodi ya nyumba hawana. Walitaka mahali pa kukaa jioni, kusomeana walichoandika, kuimba na kubishana. Mwaka 1878 baadhi yao walikwenda kupiga kambi porini wakati wa kiangazi, chini ya miti mikubwa ya jamii ya misonobari inayoota kaskazini mwa California, miti ambayo mingine imeishi zaidi ya miaka elfu. Wakanogewa. Wakarudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena.

Tatizo likawa lilelile la siku zote, yaani hela. Ili klabu iishi, wakaanza kuwaingiza wafanyabiashara wenye uwezo wa kulipa. Matajiri nao walipenda kukaa na wasanii, kwa sababu msanii huchangamsha baraza. Polepole waliolipa wakawa wengi kuliko walioandika. Klabu ikanunua msitu wenyewe, ambao leo ni kiasi cha ekari 2,700 karibu na mji mdogo wa Monte Rio. Kila mwaka mwezi wa Julai wanaume wazito wa Marekani hukusanyika humo kwa zaidi ya wiki mbili: wenye mabenki, wenye viwanda, wanasiasa. Nimesema wanaume kwa makusudi, maana uanachama ni wa wanaume peke yao. Hata kuajiri wanawake kama wafanyakazi kulibishaniwa mahakamani kuanzia miaka ya 1970 mpaka klabu iliposhindwa katika miaka ya 1980.

Wana mila zao pia. Usiku wa kufungua kambi hufanyika igizo kubwa mbele ya sanamu ya bundi, lenye urefu wa futi 40, kando ya ziwa dogo. Wanavaa majoho, wanawasha mienge, na wanachoma mfano wa maiti ambayo jina lake ni Wasiwasi. Maana yake ni kwamba mtu akiingia msituni ameacha nje shida za dunia. Sisi Waafrika tunaofundishwa kuona haya kwa matambiko yetu, tulitafakari hilo kidogo: marais na wenye mabenki nao wana msitu wao, wana moto wao, na wana bundi wao.

Kanuni ya klabu ni kwamba humo hakufanywi biashara. Lakini Septemba 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanasayansi na maofisa wa Marekani walikutana katika msitu huo kupanga hatua za mradi uliokuja kuzaa bomu la atomiki. Julai 1967 Richard Nixon alitoa hotuba humo iliyomsaidia kurudi kwenye siasa, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa Rais. Kwa hiyo vigogo wanapopumzika chini ya vigogo, mambo ya dunia yanaendelea kupangwa. Tofauti ni kwamba hakuna mwandishi anayechukua maelezo, wakati klabu yenyewe ilianzishwa na waandishi!

Mtindo unafika kwetu

Wazungu walipokuja kutawala Afrika Mashariki walikuja na klabu zao kama walivyokuja na bendera zao. Pale Nairobi klabu ya Muthaiga ilifunguliwa mwisho wa mwaka 1913, na kwa miaka mingi Mwafrika aliyeonekana humo alikuwa amebeba sinia. Klabu haikuwa mahali pa kunywa tu. Ilikuwa bunge la pili, tena bunge lisilo na wapinzani.

Hata nyanda zetu za juu kusini zilionja mambo hayo. Oktoba 1925, Lord Delamere, kiongozi wa masetla wa Kenya, aliwaita masetla wenzake wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wakakutane Tukuyu. Ndiyo, Tukuyu hiyohiyo ya migomba na mvua. Ajenda yao ilikuwa namna ya kuziunganisha nchi hizi chini ya uongozi wa masetla wenyewe. Walikula, walikunywa, walitoa maazimio, kisha mikutano ikafuata Livingstone mwaka 1926 na Nairobi mwaka 1927. Wanyakyusa waliokuwa wakipita barabarani hawakujua kwamba pale juu watu wanajadili nchi yao. Mpango ule haukufanikiwa, lakini unatuonyesha kitu: faragha ya wakubwa mahali penye baridi na kijani ni sehemu ya historia ya siasa yetu, hata kama haimo katika vitabu vya darasa la saba.

Haya, sasa tupande mlima.

Mlima wa Ngai na nyumba ya Mawingo

Kabla ya kuwa na hoteli wala klabu, Mlima Kenya ulikuwa na jina la Kirinyaga. Kwa Wakikuyu huo ni mlima wa Ngai, Mungu mwenyewe. Mzee akiomba anauelekea. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alichapisha kitabu chake juu ya mila za Wakikuyu huko London, na jina alilokipa lilikuwa hilohilo la kuuelekea Mlima Kenya. Upande wa magharibi wa mlima, nyika za Laikipia zilikuwa za Wamasai, hadi serikali ya Waingereza ilipowahamisha kwenda kusini kati ya mwaka 1911 na 1913 ili masetla wapate ardhi. Kwa hiyo mji wa Nanyuki ulikua kama mji wa masetla katika nchi ambayo watu wake walikuwa wameondolewa. Mlango wa kwanza wa pale uliwekwa kwa amri na kwa bunduki.

Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1930, mwanamke tajiri kutoka Marekani, Rhoda Lewisohn, pamoja na mwenzake Gabriel Prud'homme, rubani Mfaransa, walijenga nyumba ya fahari ukingoni mwa msitu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wakaiita Mawingo. Sisi tunasema mawingu, lakini tuwasamehe, huenda walilisikia jina kwa sikio moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba ilinunuliwa na Abraham Block, mwenye hoteli maarufu wa Nairobi, ikawa Mawingo Hotel. Kutoka barazani mgeni aliuona mlima mzima: msitu, kisha mianzi, kisha mawe, kisha theluji.

Sasa hapo ndipo historia inapochacha.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Vijana, na wazee pia, walikuwa wameingia msituni kudai ardhi na uhuru. Msitu wa Aberdare ulikuwa na Dedan Kimathi. Msitu wa Mlima Kenya ulikuwa na Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, ambaye alikamatwa Januari 1954. Serikali ikatangaza misitu hiyo kuwa eneo la marufuku: Mwafrika akionekana humo anaweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Ndege za kijeshi zikamwaga mabomu kwenye miti. Pembeni mwa msitu wa Mlima Kenya likachimbwa handaki la urefu wa kilomita 80 hivi, likawekwa miti iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wasipate chakula kutoka vijijini. Na nani waliolichimba? Wanavijiji wenyewe, wengi wao wanawake, kwa kazi ya kulazimishwa. Watu zaidi ya milioni moja walitolewa kwenye makazi yao wakarundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio.

Fikiria, msomaji. Mlima ambao bibi alikuwa akiuelekea anapoomba, sasa anaamriwa achimbe shimo la kumtenga nao. Kama kuna picha moja ninayotaka ubaki nayo kutoka katika makala hii, basi ni hiyo.

Vita vilizigusa hata starehe. Kule Aberdare kulikuwa na hoteli ndogo iliyojengwa juu ya mti, Treetops, ambako Binti Mfalme Elizabeth alilala usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, usiku aliokufa baba yake akawa yeye ndiye Malkia. Mei 1954 wapiganaji waliiteketeza kwa moto. Ujumbe wao ulisomeka bila barua.

Mwaka 1959

Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Lakini hali ya hatari iliendelea hadi Januari 1960. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, walinzi waliwapiga wafungwa wa Mau Mau na kuwaua 11. Habari zilifika hadi Bunge la Uingereza na kuitikisa serikali.

Mwaka huohuo wa 1959, mcheza sinema wa Marekani William Holden alikuwa safarini Kenya. Huyu bwana alikuwa nyota kwelikweli: alikuwa amepata tuzo ya Oscar, na mwaka 1957 alicheza katika ile sinema ya daraja la Mto Kwai. Alipoiona Mawingo alipagawa. Akaungana na marafiki zake wawili, Ray Ryan, tajiri wa mafuta wa Marekani, na Carl Hirschmann, mwenye benki wa Uswisi, wakainunua. Wakaigeuza kuwa klabu ya binafsi: Mount Kenya Safari Club. Uanachama ulikuwa kwa mwaliko. Miongoni mwa majina ya mwanzo yanatajwa ya mwimbaji Bing Crosby na ya Winston Churchill. Ndiyo, Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1951 mpaka 1955, wakati mabomu yakianguka kwenye msitu huo huo.

Sisemi Holden alikuwa mtu mbaya. Hakuchimba handaki wala hakutia saini amri ya hali ya hatari. Yeye aliona mandhari. Na hicho ndicho cha ajabu katika milango ya aina hii: akifika mwenye klabu, damu imekwisha kuoshwa na mvua, nyasi zimekatwa, mgeni anaona uzuri mtupu. Msitu uliosafishwa watu huonekana kama haujawahi kuwa na watu.

Klabu ilijenga mila zake. Mstari wa ikweta unapita katika eneo lake, kwa hiyo mgeni hupiga picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Jioni ilikuwa ni koti na tai kwa chakula, hata kama mchana ulishinda na buti za safari. Vyumbani huwashwa moto wa magogo, kwa sababu baridi ya huko ni ndugu wa baridi ya Njombe mwezi wa sita. Wageni walitoka hapo kwenda kuwinda, wakarudi na pembe na hadithi. Mwaka 1962 ilitoka sinema ya Holden iliyopigwa Kenya, na jina la klabu likazidi kusikika kwa wenye nazo duniani.

Lakini magogo yale yalipasuliwa na nani? Nani aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuyabeba? Nani alipiga pasi yale mashuka? Majina ya wageni yamejaa katika vitabu na magazeti. Majina ya wapishi, watunza bustani na walinzi hayamo. Wengi wao walitoka vijiji vya jirani, na baadhi yao bila shaka walikuwa na mama au dada aliyeshika jembe kwenye lile handaki. Mtu huyo alimwashia moto mgeni, akasema usiku mwema, akaenda zake. Riwaya hiyo bado haijaandikwa. Kama uko mwandishi unayetafuta kisa, hicho hapo, nakuachia bure.

Mlango unafunguka kidogo

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru. Mpanda mlima Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya, kama Alexander Nyirenda alivyowasha mwenge juu ya Kilimanjaro Desemba 1961. Mlima ulirudishiwa wenyewe kwa bendera. Lakini chini, klabu iliendelea. Ubaguzi wa rangi katika umiliki wa ardhi ya nyanda za juu ulikwisha kufutwa kisheria mwaka 1960, na ukabaki ubaguzi mwingine usiohitaji sheria, wa mfuko. Mwafrika sasa anaweza kuingia. Alipe tu.

Lazima tuwe wakweli na upande wa pili. Mwaka 1967 Holden na wenzake walianzisha ranchi ya wanyama jirani na klabu. Mwindaji akageuka mfugaji wa wanyamapori. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii kabisa, na mtindo wa pembe na hadithi ukafa. Mwaka huohuo Ray Ryan aliuawa kwa bomu lililotegwa katika gari lake kule Evansville, Indiana. Holden mwenyewe alifariki Novemba 1981. Mwenzi wake, mwigizaji Stefanie Powers, aliongoza kuanzishwa kwa mfuko wa kumkumbuka, na ukajengwa pale jirani kituo cha elimu ambako watoto wa shule hufundishwa habari za wanyama na misitu. Hapo mlango ulifunguka kidogo, tena kwa mtoto wa kijijini.

Na kuna habari ya bongo. Bongo wa milimani ni mnyama kama pofu, mwekundu mwenye mistari myeupe, mpole na mwoga, anayeishi katika misitu mizito ya Kenya tu. Kwa uwindaji, maradhi na ukataji wa miti alikaribia kwisha porini. Wengi wa waliobaki walikuwa katika bustani za wanyama za ng'ambo, uzao wa waliokamatwa zamani katika misitu hiyohiyo. Mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa kutoka Marekani hadi kwenye ranchi ile ya Mlima Kenya ili uzao wao urudi msituni siku moja. Mnyama amekwenda ughaibuni, amezaa, na wajukuu wamerudi nyumbani kwa ndege.

Klabu yenyewe ilipita mikononi mwa watu wengi. Adnan Khashoggi, tajiri wa Saudi Arabia aliyejulikana kwa biashara ya silaha, aliimiliki kwa kipindi. Ikaja kuwa chini ya hoteli za Lonrho, na katikati ya miaka ya 2000 ikachukua jina la Fairmont. Siku hizi ni hoteli. Kadi ya uanachama imegeuka risiti.

Maswali matatu

Basi, tumeona milango mitatu: ya Nyumbanitu, ya California na ya Nanyuki. Wapo watakaosema yote ni sawa, kwamba kila jamii ina watu wake wa ndani na watu wake wa nje. Sikubaliani nao. Nimejaribu kuipima milango hiyo kwa maswali matatu, na unaweza kuyatumia kwa msitu wowote.

Swali la kwanza: nani alikuwepo kabla mlango haujawekwa, na yuko wapi sasa? Nyumbanitu waliokuwepo ndio haohao wenye ufunguo. Nanyuki waliokuwepo walihamishwa, wengine wakachimbishwa handaki.

Swali la pili: mlango unalinda nini? Mwiko unalinda msitu dhidi ya watu wote. Kadi inamlinda mwanachama asisumbuliwe na watu wote.

Swali la tatu: mwenye ufunguo ana wajibu gani? Mzee wa matambiko akikosea, ukoo mzima utamuuliza mvua imekwenda wapi. Mwanachama wa klabu akilipa ada, wajibu wake umekwisha. Ndiyo maana namsifu Holden kwa ile ranchi na kile kituo: hapo alijipa wajibu ambao kadi yake haikumdai.

Turudi Ubena

Kwa nini nimewasumbua na habari za Nanyuki wakati gazeti hili linasomwa kwenye vijiwe vya Makambako na mabweni ya Njombe? Kwa sababu milango inawekwa hapa, tena mbele ya macho yetu.

Enzi za mkoloni Njombe ilihesabiwa kama ghala la nguvukazi. Baba na babu zetu walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1949 ilianza kampuni ya miwati, ile tunayoiita TANWAT, chini ya Shirika la Maendeleo la Makoloni la Uingereza, kwa ajili ya magome yanayotoa dawa ya kulainishia ngozi. Ardhi kubwa ikawa msitu wa kampuni. Wapo waliopata kazi karibu na nyumbani badala ya kwenda Tanga, na hilo ni jema. Lakini kuanzia hapo tulijifunza kwamba msitu ni kitu cha mwenye hati.

Miaka hii mbao zimepanda thamani. Watu wa mjini, wengine hawajawahi kulala Njombe hata usiku mmoja, wamenunua ardhi vijijini na kupanda misindano. Mzee anauza kilima kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa, mtoto akimaliza shule anarudi kuomba kibarua cha kupogoa miti kwenye kilima hichohicho. Hakuna aliyemwaga bomu. Hakuna aliyechimba handaki. Mlango umewekwa kwa kalamu, tena ya kuazima.

Na sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kuhifadhi msitu wake chenyewe. Maana yake, kisheria, ufunguo upo mfukoni mwa mkutano wa kijiji. Lakini vijana hatuendi kwenye mikutano. Tunasema ni mambo ya wazee, tunakaa kijiweni tunabishana kuhusu Simba na Yanga, huku ulanzi unapita. Siku ya kuuliza tunaambiwa muhtasari ulikwisha kusainiwa.

Wale waandishi wa San Francisco walianza na kambi na mashairi, wakamaliza wakiwa watumbuizaji katika msitu wa wenye benki. Walipoteza mlango kidogo kidogo, kwa kuuza nafasi moja leo na nyingine kesho. Nadhani na sisi wenye kalamu huku Njombe tuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuhudhuria huo mkutano na kusoma huo muhtasari kabla haujasainiwa. Ya pili ni kuandika ya kwetu wenyewe, maana msitu usioandikwa ni rahisi kusemwa kwamba haukuwa na mtu. Usisubiri ruzuku wala semina. Chukua daftari, nenda kwa bibi au babu, msalimie kamwene kama inavyopasa, kaa chini, halafu umuulize: kabla ya misindano hapa palikuwa na nini, na nani alikuwa anaruhusiwa kupita?